Siku Niliyosema Tayari

Kila Jumamosi baba alikata kwa mashine nyasi za uwanja wa kanisa letu huku Shume, nami nilikuwa msaidizi wake. Nyasi tulizijaza kwenye gunia kwa ajili ya ndama wetu. Mashine ikizimwa, nilingoja injini ipoe, nikachomoa waya wa plagi na kuufunga kwenye mpini kwa uzi mwekundu. Baba alikuwa amenieleza sababu: waya ukibaki kwenye plagi, ukizungusha kisu cha mashine kwa mkono injini inaweza kuwaka ghafla. Nikimaliza nilisema, "Tayari." Ndipo alipoilaza mashine na kuisafisha chini.

Jumamosi hiyo kulikuwa na ukungu na nyasi zilikuwa mbichi. Injini ilikuwa bado ya moto. Rafiki yangu Paskalina aliniita kutoka mlangoni mwa kanisa.

"Esteria, fanya haraka! Kwaya wameshaanza!"

Kungoja hunishinda kabisa. Baba alikuwa ameinama akifunga gunia. "Tayari?" aliuliza.

"Tayari!" nikajibu, nikakimbia. Waya sikuugusa.

Hatukumaliza hata ubeti wa kwanza. Nilimsikia baba akipiga kelele, nikatoka mbio, nikamkuta amekaa chini ameshika mkono unaovuja damu. Nyasi nyingi zilikuwa zimekwama kwenye kisu, naye hakutaka ndama azikose, akazivuta kwa vidole. Kisu kikageuka, injini ikashtuka. Kwenye zahanati alishonwa vidole viwili.

Nyumbani mama aliuliza ilikuwaje.

"Sijui," baba alisema. "Waya Esteria aliutoa. Pengine niliurudisha mwenyewe nikasahau."

Afadhali angenichapa. Alikula ugali kwa mkono wa kushoto, mboga zikimdondoka, nami nilishindwa kumtazama. Nilimkatia ndama majani bila kuambiwa, lakini moyo haukutulia.

Jumanne jioni alikuja Mzee Emanueli, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamgeukia baba. "Kornelio, pole sana. Wenzangu wanasema umeanza kusahausahau. Nipe ufunguo wa stoo ya mashine, kazi tumpe mtu mwingine kabla hujaumia zaidi."

Baba alianza kuutafuta ufunguo mfukoni kwa mkono wa kushoto.

"Baba hakusahau!" nilisema. "Waya sikuutoa. Nilidanganya ili niwahi kwaya." Nikaangua kilio.

Mzee Emanueli alivaa kofia yake. "Basi baki na ufunguo wako, Kornelio," alisema, akaaga.

Baba aliinua mkono wenye bandeji. "Uliposema tayari, mwanangu, mkono huu niliutia pale kwa kuliamini neno lako. Ungesema bado, ningengoja. Kusema bado si aibu. Na mimi nimekosa: ilinipasa niutazame waya kwa macho yangu, na nyasi nizitoe kwa kijiti. Tangu leo, anayesafisha akague kwanza mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata mama ndiye aliyesukuma mashine. Alipoizima, nyimbo zilianza kusikika kutoka kanisani. Injini ilikuwa ya moto, na uzi mwekundu ulikuwa mkononi mwangu.

"Tayari?" baba aliuliza.

"Bado, baba."

Akaketi juu ya gunia la nyasi, akangoja.