Kabati Lililoandikwa Tupu

Meli ilishaondoka, kabati limo ndani ya kontena, na bado mlango wake ulikuwa unalia nyumbani kwa Fasta. Kwiii, halafu kimya. Mkewe alidhani ni dirisha, akalifunga. Kwiii. Na nyumba ile, jamani, haikuwa na kabati. Nguo zao zote zilining'inia kwenye kamba.

Fasta ni wakala wa forodha. Jina hilo alipewa bandarini, kwa sababu tamko la mzigo ambalo wenzake hulihangaikia asubuhi nzima, yeye hulimaliza chai haijapoa. Sifa zikamlevya. Mwenye kabati alikuwa bibi mmoja mjane aliyekuwa anahamia kwa mwanawe ng'ambo, na alimsihi aandike kila kitu kama kilivyo. Hata jini aliyemo kabatini aandikwe, alisema, maana wameishi pamoja miaka mingi na amekubali kuhama, ila hasafiri kwa kujificha. Fasta alicheka mpaka akapaliwa. Hakulifungua hata kuchungulia. Akaandika: kabati la mbao, limetumika, tupu. Akatia sahihi kwamba yote aliyoyaeleza ni kweli.

Basi, kilichoandikwa kikapanda meli. Ambaye hakuandikwa akaachwa gatini, akamfuata mwenye sahihi.

Nyumba ikaanza kunuka nguo zilizofungiwa muda mrefu. Binti yao wa pekee, mtoto wa darasa la kwanza, domo kaya wa mtaa mzima, akanyamaza. Mchana kweupe alikaa kwenye kona, magoti kifuani, shingo ameinamisha kana kwamba juu yake kuna ubao. Mama yake akamwita aje ale. Mtoto akainua uso, akapiga mwayo, na mlio ule wa bawaba ukatoka kinywani mwake, taratibu, mpaka taya zikafika mwisho.

Mganga alipoletwa alimnusa mtoto utosini, kisha akarudisha dawa zake mkobani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba huyu si wa kufukuzwa; huyu ni msafiri aliyekoseshwa safari. Aandikwe upya apelekwe kwa yule bibi mwenye kabati, sawasawa, pamoja na kilichombeba, maana akishaingia mahali hatoki kwa hiari, husafiri napo.

Fasta alikimbia ofisini. Tamko la kwanza halirekebishiki, meli ilishatoka, kwa hiyo akafungua jipya, akaandika jini, mmoja, akaandika mpelekaji ambaye ni yeye, akaandika jina la bibi kuwa mpokeaji, akajaza bandari ya kutoka na bandari ya kufikia, polepole kuliko alivyowahi kujaza maishani, mpaka akafika pale wanapouliza mzigo umefungashwa ndani ya nini, na hapo akaona atalazimika kuandika jina la binti yake, akaelewa mganga alikuwa anamwambia nini, akaangua kilio mbele ya wenzake kama mtu aliyefiwa.

Akarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe alimwangalia, akajua. Fasta akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Njoo kwangu," alinong'ona. "Nakuomba. Kosa ni langu, ingia kwangu mimi."

"Wewe nitakuaminije?" Sauti ilikuwa ya binti yake, ila imechoka sana. "Nilikuwa ndani nakusikia ukicheka, ukasema hakuna mtu. Niandike, nikapande meli."

"Na mwanangu?"

"Yumo humu. Anakuita tangu juzi."

"Mbona simsikii?"

"Mbao ni nene. Hata mimi nilipiga kelele siku ile."

Mama wa mtoto alishaanza kulia, amejiziba mdomo kwa kitenge. Fasta akamvuta mtoto karibu, akalaza sikio kifuani pake. Alitarajia mapigo ya moyo. Akasikia ngumi ndogo zinagonga kwa ndani, bila mpangilio, kwa pupa ya mtoto aliyejifungia chumbani kwa bahati mbaya na hajui kwa nini baba yake hafungui.