Mume wa Nyumba Mbili

Tangu wamzike mume wake, mwalimu alikuwa hasikii kitu moyoni. Hata machozi yalimgomea. Ndiyo maana mchana ule, taipu ilipoanza kulia chumbani kwa marehemu, mtunzi wa riwaya za majasusi, hakushtuka. Alimaliza kukunja nguo, ndipo akafungua mlango. Kiti kilikuwa kitupu, bado kina joto, na tumbaku ya marehemu ilinukia chumba kizima.

“Mama Pacha,” sauti ya mume wake ikamnong'oneza, “chai iko wapi?”

Yeye alikuwa na binti mmoja tu.

Kesho yake mwanamke aliyevaa nguo za msiba alipiga hodi, kashika watoto pacha huku na huku.

“Dada, nisamehe. Mimi pia ni mke wake. Nimejua nyumba hii kwenye tangazo la kifo. Sikuja kugombana.” Akashusha sauti. “Bado yuko kwangu, namsikia. Ananiita Mwalimu, na mimi ni mshonaji.”

Mwalimu alimkaribisha kama mtu aliyeleta maziwa.

“Alikudanganya anasafiri?” akauliza.

“Hakuwahi kusafiri. Hata hawa wanazaliwa, siku ya yale mafuriko, alinishika mkono mpaka mwisho.”

“Siku ya mafuriko alikuwa hapa. Tulipanda darini sote watatu, tukalala huko.”

Wakatazamana.

“Kwa hiyo mmoja wetu alikuwa na nani?” mshonaji akauliza.

Mganga waliyemwita alikaa chumbani kwa marehemu, akanusa hewa. “Mume wenu aliomba wa kumshikia zamu,” akasema. “Mwenye mwili amekufa. Mwenzake hana pa kwenda.”

Akafukiza ubani, akaamuru kiumbe hicho kitoke, na taipu ikaanza kulia yenyewe, kwanza taratibu, kisha kwa kasi ya mvua juu ya bati, na tumbaku ikawakaba koo, na kuta zikatoa joto kama la ubavu wa mtu aliyelala, mpaka ile sauti waliyoipenda wote wawili ikasema kwa upole:

“Natoka. Ila damu yangu naondoka nayo.”

Mshonaji aliwakumbatia pacha wake. Walilia kama watoto wowote.

Binti wa mwalimu, aliyekuwa ameketi mlangoni, ndiye aliyeinuka, akavaa viatu. “Baba,” akauliza, “tunakwenda kwa miguu?”

Mwalimu alitaka kupiga kelele. Badala yake alijiona anamtafutia sweta.