Kerneli Iliyoitwa Bebo

Feni ya kompyuta haikulia. Hapo ndipo Mwalimu Gichuki alipopaswa kushtuka, lakini mtu na ulevi wake! Wenzake wa Takaba, kaskazini mwa Kenya, hutafuna miraa alasiri. Yeye, kila kerneli mpya ikitoka, kile kiini cha mfumo wa Linux kinachoiamsha mashine, lazima aijenge kwa mkono wake, saa mbili nzima, kompyuta ikipata moto wa kuchomea chapati. Mara hii ilijenga huku ikiwa baridi kama mtungi.

"Baba Wanji," mkewe Loise aliita kutoka chumbani. "Mtoto anaungua."

Wanji, binti yao wa miaka minne, alikuwa moto hadi nywele zinanuka kuungua. Zahanati walipima malaria, hamna. Kerneli ilipokamilika, homa ikashuka. Kesho yake kerneli iligoma kuwaka, Gichuki akarekebisha, akajenga tena, na mtoto akaungua tena. Loise alipoweka sikio kifuani mwa binti yake alisikia feni ikizunguka. Gichuki akachomoa betri. Feni ya kifuani haikunyamaza.

Ndipo wakamwita jirani yao Msomali, Mama Sharifo.

"Mwalimu, hiyo mashine naitwa nani?" alinong'ona baada ya kusikia kisa chote.

"Bebo. Kila kerneli huwa naipa jina. Si ulisema nyumba hii ni ya Bebo? Nilidhani ni mpangaji wa zamani."

"A'udhu billahi! Mimi nilisema bebo! Bebo, ile shetani!"

"Pepo?"

"Ndiyo, bebo! Na wewe kila siku naita yeye, naambia yeye amka. Toa hiyo jina!"

Usilolijua ni usiku wa giza. Jina lilikuwa ndani ya kiini chenyewe. Hata kerneli ya akiba, alipoiwasha, nayo ilijiita bebo. Kulitoa ni kujenga upya.

"Saa mbili?" Loise alilia. "Mwanangu hafikishi saa mbili!"

"Nifanye nini basi, Loise? Niambie, nifanye nini?"

Akabonyeza, na mistari ikaanza kupanda kwenye kioo, na mtoto akajipinda, na Loise akalowesha leso akamfunika nayo na leso ikakauka mikononi mwake, akalowesha nyingine, na Mama Sharifo akasoma Ayatul Kursi bila kupumua, na feni ikavuma ndani ya kile kifua kidogo mpaka mbavu zikatetemeka, na Gichuki, mwalimu wa hesabu asiyeamini majini, akapiga magoti akimwomba Mungu na kompyuta kwa pamoja.

Ghafla feni ikalia. Ya kompyuta! Homa ikakatika. Gichuki akaiuliza mashine jina lake, ikatoa namba tupu, akaangua kilio cha furaha.

"Wanji," Loise aliita.

Mtoto alikuwa ameketi, anatazama ukuta.

"Wanji, mama. Niangalie."

Hakugeuka. Mama Sharifo alirudi nyuma mpaka mlangoni, akaita polepole:

"Bebo?"

Mtoto akageuka upesi, akatabasamu.

"Naam," akaitika.