Mashine Niliyochelewa Kuinunua

Nilikuwa nimesimama dukani kati ya mashine mbili za kufyonza vumbi, moja ya lita ishirini na nyingine ya lita thelathini, mke wangu alipopokea simu. Ilikuwa mara ya sita kumpigia asubuhi ile.

"Niko dukani," nikamwambia haraka, kabla hajakata. "Nainunua ile mashine. Inafyonza vumbi, inafyonza na maji. Nichukue ndogo au kubwa?"

Nikasikia anavuta pumzi taratibu, kama alivyofundishwa hospitali.

"Chukua inayofaa kazi yako," akasema. "Mimi usiniweke kwenye hesabu."

"Mke wangu, nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza miaka mitano."

Simu ikakatika.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, inagawana ukuta na chumba ambacho mke wangu alikuwa akishonea. Watu wa mtaani walituita Randa na Sindano, na jina tulilipenda. Asubuhi mimi nawasha msumeno, yeye anakanyaga cherehani. Mchana tunakula pamoja juu ya benchi la kazi, maranda tumeyasukuma pembeni kwa kiwiko. Miaka miwili ya kwanza sikumjua mtu mwenye raha kunishinda.

Mwaka wa tatu akaanza kukohoa. Daktari akasema ni pumu, na kinachoichokoza ni vumbi laini la mbao, lile usiloliona mpaka jua lipige dirishani. Mke wangu akarudi nyumbani akanieleza kwa upole kwamba kuna mashine unaifunga kwenye msumeno, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye pipa. Nikamwambia tutaona. Alipouliza tena nikampiga kalenda: acha kazi hii iishe, acha na ile iishe. Kazi zikaisha, nikanunua randa mpya ya umeme. Nikamwambia fagio na dirisha vinatosha, baba yangu alifanya kazi hii miaka arobaini na fagio lake.

Hakugombana. Akatundika shuka lenye maji mlangoni, kila asubuhi analiloweka upya. Siku moja bibi harusi alirudisha gauni jeupe kwa sababu mabega yalikuwa na ukungu wa kahawia. Mke wangu akalifua kwa mikono, huku anakohoa juu ya beseni, na mimi nikapita zangu.

Kuna jambo linaniuma kuliko hayo. Mafundi wenzangu walikuja kunisaidia kuunganisha meza kubwa, nami nikawachekesha. Nikasema mke wangu anataka mbao zisizo na vumbi, labda nianze kutengeneza makabati ya sabuni. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilipogeuka nikamwona mlangoni na sinia la chai. Akaiweka mezani, akasema karibuni shemeji zangu, akatoka. Tangu siku hiyo hakuitaja mashine tena. Nami, mjinga, nikadhani yameisha.

Siku kifua kilipombana kweli nilikuwa kwenye randa, masikio nimeyaziba kwa vile vizibo vya kuzuia kelele. Sikusikia kitu. Jirani ndiye aliyemkuta sakafuni, akampakia kwenye gari lake. Nilipozima randa nikanywe maji, nikakuta ujumbe kwenye simu, umeshakaa dakika arobaini: "Shemeji, tuko hospitali na mkeo. Ukija usije na nguo za kazi."

Aliporuhusiwa hakurudi kwangu, alikwenda kwa dada yake. Siku ya tisa ndiyo nikajikokota dukani.

Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani, alikuwa ameisikia simu yangu yote, ila akajitia hamnazo. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akasema ukubwa wa pipa usinibabaishe, nitazame kichujio kwanza. Kile cha kawaida kinashika maranda, lakini vumbi laini linapenya na kurudi hewani, na hilo ndilo linaloumiza mapafu; kwa hiyo nichukue cha karatasi, cha vumbi laini. Siku ya kufyonza maji unakitoa cha karatasi, unaweka cha sponji. Halafu akataka kujua mdomo wa msumeno wangu, pale vumbi linapotokea, una upana gani, ili mpira wa mashine uingie bila kuvuja.

Sikujua. Msumeno nimeutumia miaka kumi.

"Hata wa randa sijui," nikakiri.

Akanitazama vizuri. "Karakana yako iko nyumbani? Mkeo anashona?"

"Ndiyo."

Akafungua droo ya kaunta, akapekuapekua chini ya karatasi, akanipa moja iliyokunjwa mara nne. Akanieleza kwamba mke wangu alikuja hapo mara tatu mwaka jana. Alikuwa akikaa kwenye kiti pale pembeni kupumzisha kifua, kikitulia anainuka, anauliza maswali kama mtu wa kiwandani.

"Mara ya mwisho aliniambia, mume wangu atakuja mwenyewe, anapenda kuchagua vifaa vyake," yule dada akasema. "Akija mpe hii, asisumbuke kupima."

Ulikuwa mwandiko wake, ule anaoandikia vipimo vya wateja. "Mdomo wa msumeno, milimita hamsini na nane. Randa, mia moja, inataka kiunganishi. Kichujio cha vumbi laini. Mpira mita nne, ufike dirishani. Isiwe ya kelele sana, kichwa humuuma jioni."

Juu aliandika tarehe. Ilikuwa siku nne kabla ya mzaha wangu wa makabati ya sabuni.

Niliegemea kaunta. Machozi yalinitoka mbele ya wateja, mtu mzima mwenye gundi mikononi. Yule dada akanisogezea kile kiti.

Nikanunua kama ilivyoandikwa. Siku tatu sikushika ubao. Niliosha kuta na dari, nikafyonza maji machafu sakafuni, nikafunga mpira kwenye msumeno, kisha kwenye randa, nikajaza mianya ya mlango kwa vipande vya sponji. Nilipomaliza nikamtumia ujumbe: "Nimesafisha kila kitu. Njoo uone tu. Sitakulazimisha."

Jibu lilikuja kesho yake: "Jumamosi saa tisa. Nitakuja na dada."

Walikuja saa tisa kamili. Dada yake alibaki kibarazani. Mke wangu alikuwa amepungua, lakini alivuka ua bila kusimama kuvuta pumzi. Nikawasha mashine, nikapasua ubao mzima mbele yake. Jua lilikuwa linaingia dirishani na hakuna kilichoelea ndani yake. Akapitisha kidole juu ya meza ya msumeno, akakitazama.

"Inafanya kazi vizuri," akasema.

"Nimefuata karatasi yako. Kila kitu."

"Kwa hiyo alikupa." Akatabasamu kwa uchovu. "Nilijua ipo siku utakwenda."

"Rudi nyumbani."

Akakaa kwenye benchi, mikono mapajani. Nikazima mashine.

"Siku ile niligonga ukuta," akasema. "Niligonga mpaka vidole vikachubuka. Unajua nilikuwa nawaza nini? Kwamba hata ukinisikia, utamaliza ubao kwanza."

Nilitaka kubisha. Nikajikumbuka nilivyokuwa.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimeshakusamehe, wala sina kinyongo. Ila nimechoka kuomba hewa ndani ya nyumba yangu. Hata ukiweka mashine kumi, kila nikipaliwa nitautazama ule ukuta."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma dada."

Akainuka, akaniomba nimsaidie kubeba cherehani. Tuliibeba wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukapita sebuleni kwa hatua ndogondogo. Mlangoni nilimwambia apumzike kidogo, akasema anaweza. Shemeji alifungua buti la gari akageuza uso pembeni, nadhani alikuwa analia. Nikarudi kuchukua sanduku la nyuzi, mkasi wake, na vitambaa viwili vya wateja alivyoviacha nusu. Vyote nilivikung'uta kwanza uani.

Kabla hajaingia kwenye gari akanivuta kando, karibu na ukuta wa jirani. Alinena kwa sauti ya chini ili dada yake asisikie. Akasema hataki tubaki tunaning'inizana mwaka mzima, mimi nikingoja, yeye akijilaumu. Anaomba talaka.

Nikamtazama kifua kikipanda na kushuka, bila ile sauti ya mluzi niliyoizoea.

"Nitaandika," nikamwambia.

Akanishika mkono, akauachia, akaingia garini.

Niliandika talaka jioni hiyohiyo, nikavaa nguo safi, nikaipeleka kwa dada yake kwa mkono wangu. Katika maisha yetu yote ya ndoa, hilo ndilo jambo la kwanza aliloniomba nikampa siku ileile.