Bibi Harusi wa Chumba cha Baridi

Taa zilizimika zote kwa mpigo.

Risasi ya kwanza ikapita juu ya sikio lake na kugonga mlango wa chuma. Kimya akajitupa chini, kifua kwenye saruji, Glock mkononi, akatukana moyoni. Miwani yake ya kuonea gizani ilikuwa imepasuka aliporuka ukuta wa nyuma. Nje jua la asubuhi lilikuwa linawaka. Humu ndani, katika ghala la dawa lisilo na dirisha hata la kupitisha paka, mlikuwa na giza totoro.

"Kimya, jibu." Sauti ya Mkuu wake ilikuwa kavu kwenye kisikizi cha sikioni.

"Nipo."

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Washa tochi."

"Nikiwasha tochi utanitafutia sanda."

Mkuu alikuwa mwanamke asiyecheka kazini, na hakucheka sasa. "Gari lao limeshawashwa. Mzigo ukitoka hapo tumekwisha. Vijana wangu hawaingii mpaka uniambie uko wapi."

Mzigo ulikuwa dawa bandia ya vichanga. Chokaa na maji ndani ya vichupa vizuri vyenye nembo inayong'aa. Wodi moja ilikuwa tayari imezika watoto. Aliyeuingiza nchini ni mgeni mwenye pasipoti kibao na asiyevua glavu hata akila, ndiyo maana idarani walimwita Bwana Glavu. Sasa Bwana Glavu alikuwa humu humu gizani, na bastola yake ilikuwa na njaa.

Kimya akafumba macho.

Mtu gani anafumba macho gizani? Ni yeye, maana ndivyo yeye mwenyewe alivyomfundisha binti mmoja. Fumba macho. Ingia mlangoni. Tembea taratibu, kila kitu kitakuja chenyewe.

Akaingia mlangoni, kwa mawazo tu.

Pale mlangoni alisimama mzee mnene mwenye pipa la maji mdomoni, anakunywa, hakati kiu, huku amebana miguu akitafuta choo. Hizo ni dalili za kisukari. Hatua chache kushoto, kwenye mlango wa chumba cha baridi, alisimama bibi harusi amevaa shela, anatetemeka, jasho la baridi linamtoka, moyo unamwenda mbio. Huyo ni mgonjwa aliyeishiwa damu. Kimya akanyoosha mkono kushoto. Vidole vikagusa chuma cha baridi.

Bibi harusi alikuwepo.

Na hapo hapo akaona aibu. Picha hizi hazikuwa zake. Aliziiba.

Binti alikuwa karani wa ghala hili, tena mpwa wa mwenye ghala. Alitaka kuwa muuguzi. Mtihani ulikuwa umempiga mwereka mara mbili, akabaki kulia na vitabu mapajani. Kisha akatokea mwalimu wa jioni, mpole, wa bei nafuu, mwenye miwani ya bandia na kinasa sauti ndani ya saa yake ya Casio.

"Mimi kichwa changu maji, Mwalimu," alimwambia siku ya kwanza. "Nikisoma leo, kesho kweupe."

"Kichwa chako hakina tatizo. Unakipa maneno matupu. Kipe picha. Tafuta mahali unapopajua hata ukiwa umelala, kila kona uweke kitu cha ajabu, cha kuchekesha. Siku ya mtihani unapita tu unaviokota."

Binti alifikiri kidogo, uso ukachangamka. "Nyumba ya marehemu mama. Vyumba viwili na kibaraza. Naijua mpaka ufa wa ukuta."

Na hapa ndipo Kimya alipofanya kile kilichomnyima usingizi.

"Hiyo ndogo," alisema. "Haitatosha. Tafuta pakubwa. Pale kazini kwenu je?"

Alimtoa binti wa watu kwenye nyumba ya mama yake. Akamwingiza ghalani, akawa anamtembeza jioni baada ya jioni, mlango kwa mlango, na Casio inarekodi. Binti alicheka, akapamba, akapaka rangi. Kwenye mizani ya chini aliweka kichanga anayelia, mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi. "Hiyo nimonia, Mwalimu! Halafu ile mizani ukiikanyaga inalia kweli, nyii, utadhani mtoto." Na siku moja alifika mwisho kabisa, nyuma ya mapipa ya sabuni.

"Hapa nimemweka mama mkwe na mwiko. Anagonga ukuta. Si unajua daktari anavyogonga kifua, asikie kama ndani kuna hewa au maji? Basi ukuta ule una hewa. Ukiugonga unavuma. Mjomba aliniona nagonga akanifokea, sijui kwa nini."

Kimya alimpongeza. Binti alifurahi mno. Usiku ule ule akatuma ripoti kwa Mkuu.

Siku ya kuvamia aliichagua yeye. Alimbembeleza Mkuu iwe leo, asubuhi hii, binti akiwa chumba cha mtihani, mbali na risasi. Alijiambia huo ni wema. Wema gani! Alikuwa anajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Risasi ya pili. Cheche zikaruka karibu na goti lake.

Akatulia. Akavuta pumzi. Bibi harusi yuko kushoto, kwa hiyo mizani iko mbele, mkono wa kulia, karibu na gari la kunyanyulia mizigo. Akatambaa kwa viwiko kuelekea huko, akalala usawa wa tairi, akasubiri.

Kisha gizani mtoto akalia.

Nyii.

Bwana Glavu amekanyaga mizani.

Kimya hakufikiri. Aliruka kama alivyo, bega likapiga tumbo, wote wawili wakaanguka chini puu. Bastola ikateleza sakafuni. Ikawa patashika nguo kuchanika. Bwana Glavu alikuwa na nguvu za nyati, alimkaba koo mpaka nyota zikaanza kumwakia. Kimya akapapasa, akakamata kidole kimoja chenye glavu, akakigeuza kule kisikokwenda. Jamaa akapiga yowe. Kitako cha Glock kikamnyamazisha.

Pingu. Klik.

"Mmoja chini," Kimya alihema. "Kazibeni njia ya gari."

"Mzigo?"

"Niko njiani kwa mama mkwe."

"Kwa nani?"

Kimya sasa aliwasha tochi. Akapita rafu za dripu, akasukuma mapipa ya sabuni, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

Ukavuma.

Akaupiga teke. Ubao uliopakwa rangi ya ukuta ukaanguka ndani, na mwanga wa tochi ukaangukia maboksi yaliyopangwa mpaka darini. Juu ya boksi moja alikaa mtu mzima, mwenye mvi, mikono juu kabla hajaambiwa. Ni Mjomba, mwenye ghala.

Alikodoa macho kwenye mwanga. Kimya alipomwambia atulie, aliitambua sauti kabla ya sura.

"Kumbe ni wewe, Mwalimu."

"Ni mimi."

"Umekunywa chai kwangu."

"Nimekunywa."

Mjomba akatikisa kichwa. Hakulia wala hakujitetea. Aliuliza jambo moja tu. "Mtihani umeshaanza?"

"Umeshaanza. Yumo ndani."

"Basi mwacheni amalize. Yule nimemlea tangu hajaota meno. Akitoka atanipigia mimi kwanza, si mtu mwingine." Alitoa Nokia ya vitufe mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha Kimya. "Isilie bila mtu wa kupokea. Nakuomba."

Kimya alitaka kumwuliza, na wale waliozikwa, nani aliwapokelea simu? Maneno yakafika mdomoni. Akayameza, maana leo hakuwa na uso wa kumhukumu mtu. Akatia simu kwenye mfuko wa koti.

Vijana wa Mkuu waliingia kwa kishindo. Hiace yao ilizuiwa getini, dereva akiwa bado amekanyaga mafuta. Maboksi yakahesabiwa, picha zikapigwa, Bwana Glavu akabebwa kwenye machela akitukana kwa lugha ambayo hakuna aliyejali kuitafsiri.

"Kimya, rudi ofisini," Mkuu alisema.

"Nina kituo kimoja."

"Usiende huko." Alijua. "Nakuamuru."

Alikwenda.

Alisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la chuo, bila ile miwani ya bandia. Wanafunzi walianza kutoka, wengine wamenuna, wengine wanabishana majibu. Kisha akatoka yeye. Alikuwa anacheka peke yake.

"Mwalimu! Umekuja!" Alivuka barabara bila kuangalia magari, akamshika mikono yote miwili. "Nimepita milango yote! Walikuwepo wote, bibi harusi, mzee wa maji, mama mkwe na mwiko wake. Hakuna aliyenikimbia hata mmoja. Mungu akubariki. Ngoja nimpigie Mjomba, huyu lazima asikie kwanza."

"Subiri..."

Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

Simu ikalia ndani ya koti la Kimya.

Binti alicheka kwanza, akidhani ni sadfa. Akakata. Ikanyamaza. Akapiga tena. Ikalia tena. Akalitazama koti, akatazama damu kavu kwenye vifundo vya mikono ile, akamtazama usoni, pale ambapo miwani haikuwepo.

"Mjomba yuko hai?"

"Yuko hai. Amekamatwa. Nyuma ya ule ukuta kulikuwa na dawa ya vichanga, bandia. Kuna watoto wamekufa."

Aliijua dawa ile. Asubuhi hiyo hiyo aliandika kipimo chake kwenye karatasi ya mtihani.

"Ulisema nyumba ya mama ni ndogo," alisema polepole.

"Nilikudanganya. Ilikuwa inatosha." Kimya hakuangalia pembeni. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nitakuwa muuguzi, Mwalimu. Nimefaulu, najua nimefaulu. Kila mgonjwa nitakayemshika, lazima kwanza nipite mle ndani. Nipite mlango ule, nifike ukuta ule, nimkute Mjomba." Sauti ilikatika, akaikaza. "Umenifundisha kukumbuka. Kusahau je? Kusahau kunafundishwaje?"

Kimya alitoa Nokia, akamwekea mkononi. Kwa leo alikuwa ameshaongopa vya kutosha.

Akageuka. Akatembea taratibu kando ya barabara, mikono mfukoni, kama mtu asiye na haraka wala deni. Nyuma yake hakusikia kilio wala hatua. Mbele alimwona bibi harusi anatetemeka kwenye kila mlango wa duka.

"Kimya, jibu," sikio likasema. "Kazi safi. Kimya, jibu."

Akakichomoa kisikizi sikioni, akakitia mfukoni, akaendelea na safari yake.