Mstari Kwenye Ukwato wa Bwana Mkubwa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kiherehere alitoa kwenye beseni nyasi kavu zilizolowekwa usiku kucha ili sukari yake ipungue. Alizikamua maji, akampelekea farasi wa mjomba wake.

Farasi huyo, Bwana Mkubwa, alikuwa akivuta mkokoteni wa maji. Miezi mitatu nyuma alisukuma mlango wa ghala akajilia mahindi karibu nusu gunia. Kwato zikavimba kwa ndani, zikawa na joto kama sufuria, naye akawa anasimama ameegemea visigino kama mzee aliyechoka na foleni. Tangu hapo akapigwa marufuku nafaka za kila aina. Alilalia maranda laini, na fundi wa kwato alikuja kila mwezi kumchonga.

Bwana Mkubwa hakukubaliana na mpango huo. Akisikia ndoo tu, alilia na kugonga mlango.

"Jamani, tumbo hilo halina mwisho?" Bibi alimfokea. "Gonga mpaka kesho, hupati!"

Wiki moja Mjomba alisafiri. Kiherehere akaona yale macho ya farasi, huruma ikamshinda. Akachota bakuli la pumba za kuku. Kesho yake akachota jingine. "Kidogo tu," alijiambia kila siku.

Mwezi uliofuata fundi aliinua mguu wa farasi, akaupapasa, akakunja uso.

"Mnauona mstari huu mpya? Umeshuka upana wa kidole kutoka nywele za mguu zinapoishia. Alivimba tena mwezi uliopita."

Mjomba alitupa kofia chini. "Haiwezekani! Mama, mlimpa nini?"

"Mimi? Nalowesha nyasi mpaka vidole vimekunjamana, halafu unaniuliza mimi?"

Fundi aliweka chini tupa yake ya kuchongea kwato. "Kama amevimba bila kuonja nafaka, basi dawa imeshindwa. Akivimba tena, mfupa utatoboa ukwato. Daktari wa mifugo alishasema tusimtese. Ni afadhali alale moja kwa moja."

Mjomba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Haya. Nitamwita kesho."

Kiherehere alikuwa amesimama kando ya farasi. Bwana Mkubwa alikuwa ananusa mfuko wa sare yake.

"Mjomba, usimwite. Ni mimi. Nilimpa pumba."

"Bakuli ngapi?"

"Saba."

"Saba!" Bibi alishika kiuno. "Na mimi nawagombeza kuku kutwa kwamba wanakula kama jeshi! Kuku wa watu wamevumilia matusi yangu bure!"

Mjomba hakucheka. Lakini fundi aliokota tupa yake. "Heri umesema. Basi dawa haijashindwa, ila tunaanza upya."

"Tena? Kwa muda gani?" Kiherehere aliuliza.

"Mpaka mstari huu ufike chini niukate. Ukwato unashuka upana wa kidole kwa mwezi. Hesabu mwenyewe. Hausikii haraka wala samahani."

Kiherehere alihesabu. Alikamua nyasi, akabadilisha maranda, akapapasa kwato kila jioni kuona kama zina joto. Bwana Mkubwa alilia, naye akaziba masikio. Kila mwezi ule mstari ulishuka kidogo, polepole mpaka inakera.

Mwezi wa tisa tangu siku ile, fundi alikata kipande cha mwisho chenye mstari, akamwekea Kiherehere kiganjani. Bwana Mkubwa alitoka bandani, akakanyaga kokoto bila kuchechemea, akaenda moja kwa moja kwenye chakula cha kuku.

"Weee!" wote walipiga kelele, wakamvuta.

Bibi alifuta jasho. "Kitendawili!"

"Tega."

"Kiatu changu nimezaliwa nacho, na kila kosa hukiandika."

"Ukwato!"

"Umepata. Sasa sikia, mjukuu wangu. Zile pumba uliziita huruma, nazo ndizo zilizomuumiza. Ule ukweli ulikuwa mchungu, nao ndio uliomponya. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyohiyo. Usingoje mpaka ukwato ukusemee."