Diski ya Muthoki

Maingi alikuwa fundi mzuri wa kompyuta, na hilo hata waliomchukia hawakumnyima. Ungempelekea mashine iliyokufa pale kwenye kibanda chake mtaani Tassia, angeinamisha kichwa, asikilize feni inavyozunguka, kisha akuambie ugonjwa kabla hajashika bisibisi. Kazi aliijua. Shida ni kwamba mteja akishakipa kibanda mgongo, vidole vya Maingi vilikuwa vinawashwa.

Jioni hiyo alikuwa anafunga. Wauza viazi walikuwa wanawasha taa zao, na barabara imejaa watu wanaotoka kazini. Simu ikalia. Nambari ngeni.

Alikuwa mwanamke, akisema kompyuta yake imekataa kuwaka. Aliongea polepole, kila neno safi, kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Maingi akamuuliza maswali ya kazi. Feni inazunguka? Inazunguka. Skrini inaonyesha kitu? Giza tupu. Je, ukiwasha inalia?

Mwanamke akaiwasha, akasikiliza.

"Inalia mara tatu," akasema. "Halafu inangoja."

"Hiyo ni memori, mama. Vumbi tu. Dakika kumi nimemaliza."

"Basi njoo, fundi. Mtaa wa Pipeline, jengo la kona, ghorofa ya sita, mlango wa mwisho."

Maingi akampigia mkewe Jecinta, akamwambia anapitia kwa mteja mmoja, chakula kifunikwe. Jecinta alikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani, anapiga chapa orodha ya nyimbo za kwaya. Kompyuta hiyo Maingi alimuundia mwenyewe, kwa vipande alivyosema ameviokota huku na huko. Jecinta hakuwahi kuuliza huku ni wapi na huko ni wapi. Alimwambia tu asichelewe.

Majengo ya Pipeline yamebanana hivi kwamba jirani wa jengo la pili anaweza kukupitishia chumvi dirishani. Ngazi hazijui jua. Maingi alipanda akimulika kwa simu, begi la vifaa begani. Kila ghorofa ilikuwa na kelele zake: redio, mtoto akilia, mafuta yakichemka. Alipofika ya sita akajikwaa. Chini ya mfereji, bomba la maji la ghorofa, palikuwa na beseni jekundu lililopasuka ukingo na kushonwa kwa waya. Akalisukuma kando, akalisonya, akaenda hadi mlango wa mwisho.

Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi?"

"Ingia, fundi. Mashine iko mezani."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Kilikuwa chumba kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua, kama vyumba vyote vya huko. Upande huu palikuwa na meza, kiti, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Harufu ya mbao mbichi ilijaa pua. Na kule nyuma ya pazia, sauti nyingine…

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Msasa juu ya mti. Maingi aliutambua mara moja, maana amekulia Ukambani kati ya wachonga vinyago. Akajiambia kuwa mzee wa nyumba anamalizia kazi zake. Akaketi.

Aliwasha. Mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza. Akaizima, akafungua ubavu wa boksi, akachomoa memori. Akatoa raba ya kufutia penseli, akasugua meno yake ya dhahabu polepole, maana hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kila fundi wa Eastlands, na mara nyingi ndiyo ya mwisho pia. Akapuliza. Akairudisha hadi ikalia *tak* pande zote mbili. Akawasha tena.

Skrini ikawaka. Maingi akatabasamu.

Kisha akaona saa. Kompyuta ilikuwa inasema ni tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Akadhani ni ile betri ndogo ya saa, inayofanana na shilingi. Alikuwa nayo begini. Akabadilisha, akarekebisha tarehe, akazima, akawasha.

Kumi na nne Machi. Saa tisa na dakika kumi.

Akajaribu mara ya tatu. Vilevile. Hapo akaanza kutokwa jasho, kwa sababu yeye anajua: mashine iliyopoteza saa hurudi mwaka ilipotengenezwa, siku ya kwanza ya Januari. Haichagui siku. Akainama, akamulika ndani ya boksi. Diski inayohifadhi kila kitu ilikuwa ndogo, kuukuu, na ubavuni imeandikwa kwa kalamu nyeupe: MG 14/3.

Mwandiko wake mwenyewe.

Mafundi hutia alama kila kipande wanachokifunga, ili mteja akirudi na malalamiko wajue kama ni chao. Na alama ile ilimrudishia kila kitu. Miaka miwili iliyopita, Mzee Ndete, mchonga vinyago, aliileta mashine hii imebebwa kwa mkokoteni. Ilikuwa na vumbi kwenye memori, basi. Lakini diski iliyokuwa ndani ilikuwa kubwa na nzuri, na Maingi alimwambia mzee kwamba imeungua, akamfungia hii ndogo badala yake.

Mzee hakuondoka. Alikaa kwenye benchi. Akaeleza kwamba mkewe, Muthoki, ndiye aliyekuwa akisoma neno kanisani, na kabla ugonjwa wa koo haujamnyang'anya sauti, alirekodi masomo na nyimbo ndani ya kompyuta hiyo. Baadaye ugonjwa ukamchukua na yeye mwenyewe. Mzee akauliza kama hata wimbo mmoja hauwezi kupatikana. Maingi akasema hauwezi. Akauliza tena. Na tena. Mara ya tatu Maingi alijifanya anaongea na simu.

Mzee alipoondoka, Maingi aliifuta yote ile diski kubwa, isije ikasema kitu. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri. Tangu siku hiyo iko ndani ya kompyuta ya Jecinta.

Maingi akarudisha vifaa begini kimoja kimoja. Akasema kwa sauti ya kazi kwamba amekosa spea moja, atarudi kesho.

Msasa ukanyamaza.

Hakungoja jibu. Alitoka, akapita mfereji, akashuka ngazi mbio. Ghorofa moja. Mbili. Tatu. Akajikwaa.

Beseni jekundu.

Akasimama, akishika ukuta. Akashuka tena, safari hii akihesabu kwa mdomo. Sita. Tano. Nne. Kwenye ile iliyotakiwa kuwa ya tatu, chini ya mfereji, beseni jekundu lilikuwa linamngoja na mshono wake wa waya. Na mwisho wa ukumbi, mlango uko wazi, mwanga wa skrini umelala sakafuni.

Alibisha mlango wa jirani. Ndani watu walikuwa wanatazama taarifa ya habari, mtu anakaanga chapati, harufu ilimfikia kabisa. Akabisha kwa ngumi mbili. Akaita. Wakacheka kitu kwenye televisheni. Akapiga teke. Mwanamke mle ndani akauliza kwa utulivu nani amemaliza majani ya chai. Maingi akatoa simu. Mtandao hakuna… hata kijiti kimoja.

Hapo ndipo alipojua. Kamuti, uchawi wa kumfunga mwizi.

Mjini watu humtania kila Mkamba kwa uchawi, na Maingi alikuwa amechoka na utani huo siku nyingi. Yeye husema ni porojo za watu wasio na kazi. Lakini nyanya yake hakuwa anatania alipomsimulia habari za mwizi aliyeingia zizini kwa watu akazunguka humo mpaka asubuhi, asione lango lililo mbele yake. Mwenye mbuzi alipokuja akamwambia: sema kwa mdomo wako ulichochukua, na ukirudishe wewe mwenyewe. Mwizi, kwa haraka ya kutoka, akasema ndugu yake atakirudisha. Lango likafunguka. Maingi mdogo akauliza, na huyo ndugu? Nyanya aliinuka akaenda kuchochea moto, na hakurudia hadithi hiyo tena.

Akarudi chumbani, maana hakukuwa na mahali pengine miguu ingemfikisha. Akashika pazia, akalivuta.

Hakukuwa na mtu.

Kulikuwa na kitanda cha chuma kisicho na godoro. Ukutani, vijitabu viwili vya mazishi vimebandikwa sambamba. Kimoja kimefifia, kina picha ya mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani. Muthoki. Cha pili kilikuwa kipya. Mzee Ndete, aliyezikwa mwezi uliopita.

Mzee aliyefunga alikuwa amekwenda, na kamuti hufunguliwa na aliyeifunga.

Juu ya vyuma vya kitanda kilikaa kinyago. Mwanamume ameinamia boksi, bisibisi mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja kama anayesikiliza. Hata kovu la nyusi la Maingi lilikuwapo. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Na midomoni, unga wa mbao, mbichi.

Nyuma yake spika za kompyuta zikakwaruza. Kisha ikaja ile sauti safi ya simu.

"Uliponifuta, fundi, ulinipeleka wapi?"

Alikaa sakafuni. Maingi hakuwa mtu wa kulia, lakini alilia, na wala hakuona aibu.

"Mama Muthoki, nisamehe. Diski haikuwa imeungua. Niliichukua."

Kwaru…

Akageuka. Msasa haukuonekana. Unga ulikuwa unadondoka kutoka kwenye midomo ya kinyago, kidogo kidogo, kama chumvi.

"Iko wapi?"

"Iko kwangu. Tassia. Nifungulie nikailete, naapa nitarudi."

"Wewe hutarudi."

Na ilikuwa kweli. Sote tunajua ilikuwa kweli, na Maingi alijua kuliko sote. Kama angetoka mle, Pipeline isingemwona tena mpaka afe. Alitafuta neno lingine la kusema, neno lolote la kumtoa, na akalishika lile lililokuwa karibu na ulimi.

"Jecinta ataileta. Mke wangu. Ataileta leo leo."

Kwaru kwaru kwaru kwaru…

Kimya.

"Asante," ikasema sauti.

Maingi aliinuka. Alipopita kitandani alitupa jicho moja tu. Uso wa kinyago ulikuwa laini kutoka pua hadi kidevu. Mdomo haukuwapo.

Alishuka ngazi bila kuhesabu. Hakukutana na beseni. Tano, nne, tatu, mbili, moja, kisha hewa ya barabarani, moshi wa nyama choma, pikipiki, watu. Alitaka kupiga magoti palepale. Oketch, mlinzi wa jengo, alikuwa ameketi mlangoni na kikombe chake cha chai. Akamuuliza fundi vipi, amemaliza kazi?

Maingi akafungua kinywa kumjibu.

Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akakohoa, akaziba mdomo kwa kiganja, na alipokitazama kiganja kilikuwa kimejaa unga wa mbao.

Oketch alikuwa bado anamtazama, akiongeza kwamba mama watoto amepita hapa sasa hivi akimuulizia, wamepishana wapi? Maingi hakuelewa. Akatoa simu aone saa. Saa mbili na nusu. Yeye alidhani ni saa moja. Mtandao ulikuwa umerudi, na simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Jecinta.

Akapokea.

"Maingi, mbona unakata simu nikiongea?" Alikuwa anahema, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi nyingi. "Nimefika. Nimeitoa hiyo diski vile umenielekeza, screw nne, nimeifunga na leso isigongwe. Huku juu ni giza, sijui unafanyaje kazi."

Maingi alifungua kinywa kwa nguvu zake zote. Koo lilikwaruza. Unga ukamdondokea shatini.

"Maingi? Unanisikia? Ni mlango gani, huu uko wazi?"

Aligonga simu kwa kucha. Aligonga mara mbili, mara kumi, kama mwendawazimu. Oketch alisimama. Kwenye simu, mbali kidogo, kutoka ndani ya chumba, Maingi alisikia sauti ya mwanamume ikimjibu mkewe. Ilikuwa sauti ya upole, ile anayotumia kwa wateja.

Ilikuwa sauti yake.

"Ndio huu, Jecinta. Ingia. Keti kwa kiti, nakuja."

"Sawa," akasema Jecinta, na hofu yote ikamtoka sautini, maana amemsikia mume wake. Mlango ulifungwa. Kisha simu ikabaki na sauti moja tu, ya taratibu, ya mtu mwenye kazi mpya mkononi.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Maingi alimpita Oketch kwa kishindo, akaparamia ngazi tatu tatu. Alikuwa anakwenda kumtoa. Angesema yeye mwenyewe, angekaa yeye mwenyewe, liwalo na liwe. Alifika ghorofa ya kwanza, akapanda nyingine, akapinda kona akajikuta kwenye ileile ya kwanza, na mguu wake ukagonga kitu.

Chini ya mfereji palikuwa na beseni jekundu, limepasuka ukingo, limeshonwa kwa waya.